Simu Mbili

Mchana nauza zabibu sokoni Majengo,
kilo elfu tatu, na kishada cha nyongeza.
Usiku nina simu nyingine, ya tochi:
ikiita mara moja
kuna mtu hatapatikana tena.

Jana nimeshika simu siyo.
Ujumbe wa tajiri, nilioutunga mapema, kazi bado,
"Mzee amelala. Leteni hela,"
umetua kwenye kundi la kikoba.

Jogoo hajawika, turubai limesimama uani.
Mama Nyemo kaja na sufuria tatu.
Rambirambi zinasomwa kwa sauti,
na aliyewapita wote, elfu hamsini taslimu,
ni Mzee Chilongola wa Nkuhungu,
yule yule aliyekuwa alale.
Kanikumbatia, analia machozi ya kweli:
"Pole mwanangu. Baba ni baba."
Shingo yake naijua kwa sentimita.

Nimelia pia. Ningefanyaje?
Wanauliza tunazika wapi, saa ngapi.

Saa kumi nimechimba nyuma ya banda
kashimo ka kiganja,
nikaifukia ile ya tochi, na laini yake.

Imeita mara moja chini ya udongo.
Kuku wamegeuza shingo.