Ujumbe Huu Umefutwa

Kundi hili tulilifungua kwa ajili ya maji.
Jina lake ndilo hilo: Maji, Jengo la Tisa, Tudor.
Bomba likinguruma usiku, wa chini aandike "yaja",
nasi wa juu tushike ndoo.
Hapakuwa na jingine.

Lakini nyumba isiyo mlango huingiwa hata na mbuzi.
Kazungu akaleta bei ya vibua.
Wanza akaleta dawa ya sukari, majani ya mstafeli,
"watumie watu ishirini kabla jua halijazama."
Shangazi Swafiya, mawaridi kila alfajiri,
yanameremeta, mazito, yanakula bando.
Na Mzee Mwakio HUANDIKA HIVI,
mtu alisahau miwani Voi,
nasi twadhani atupigia kelele.

Mimi ndimi msimamizi.
Nilipewa ufunguo kwa kuwa siogopi mtu.
Nikaandika masharti, nikayabandika juu:
usitume usilojua lilikotoka;
usiku kuna waliolala;
deni la mtu mwambie mwenyewe, usilianike.
Matatu tu, nikajiona kadhi.

Jumanne pampu ikaungua.
Fundi ataka elfu nne na mia tano.
Waliolipa, watano.
Waliosoma, kwa alama zao za buluu, thelathini na mmoja,
na jibu la kila mmoja ni kidole gumba.
Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Hiki hata pampu hakinunui.

Saa tano usiku, joto la Februari,
shuka limenigandama mgongoni,
nikabonyeza nikasema.
Dakika saba.
Nikataja vyumba, nikataja majina,
nikafika kwa Mzee Athumani wa ghorofa ya pili:
"Miezi miwili! Ya kuoga anayo, ya kulipa hana?
Mwatime, mtoe babako alikojificha!"
Nikaachia kidole. Fyuu.
Nikalala usingizi wa aliyeshinda kesi.

Asubuhi, chini ya sauti yangu,
saa tisa na dakika kumi za usiku, Mwatime:
Baba ametutoka tuko Makadara
Hata nukta hakutia.

Chini yake, mawaridi.
Chini ya mawaridi, vibua vimeshuka bei.
Chini ya vibua, kidole gumba,
sijui cha nani, kimesimama wima.
Kisha:
INNA LILLAHI. MIMI MKRISTO LAKINI NIRUHUSUNI. NALETA VITI.

Alikuwa amelazwa tangu Jumapili.
Nilijua nani ana deni.
Sikujua nani mgonjwa.

Nikaigandamiza sauti yangu mpaka ikageuka rangi.
Futa. Futa kwa wote.
Pakabaki maneno matatu,
kifuniko juu ya sufuria iliyoungua:
haonekani mchuzi, ila kila mtu anusa.

Nikaandika, "Mwatime, nisa". Nikafuta.
"Poleni sana kwa". Nikafuta.
Na yeye huko aliko, kama atazama,
aona tu: anaandika... anaandika...
mtu aburuta miguu kizingitini
asibishe.

Nikajitanda leso, nikateremka.
Ngazini nikapishana na Mwakio, viti vitatu begani,
asema taratibu, kama amlazaye mtoto,
"Pita, mwanangu, pita."
Mlango wa pili u wazi, viatu vimejaa.
Nilikuwa na neno moja, la kale, lisilotaka bando.
Hodi.

Hakuna aliyesikia.
Ndani walikuwa wakiulizana
maiti yu njiani, maji ya kumuoshea yatatoka wapi,
na pampu ndiyo hiyo.

Nikarudi juu kwenye pipa langu.
Nikashuka na ndoo mbili, polepole, yasimwagike.
Sikuandika "yaja".