Kwa Somo Nisiyemjua

Somo,
nakuita hivyo kwa kuwa kwetu anayepewa jina la mtu
huletewa kanga, huletewa sahani ya halua,
na mwenye jina hujiona kaongezewa maisha.
Wewe hata hodi hukupiga.

Barua ilifika Jumanne, Northampton ikinyesha mvua yake ile
isiyoamua kama ni mvua ama ni ukungu.
Nimetoka zamu ya usiku, kiwanda cha viatu,
vidole vyanuka gundi.
Pauni elfu mbili mia nne na kumi na moja.
Nikaketi ngazini, koti bado mwilini.
Simu mbili. Viatu vya kiume, namba tisa.
Na kitanda cha mtoto, cha mbao, chenye droo chini,
kimepelekwa Swansea,
mji ninaoujua kwa leseni ya udereva tu.

Salhina Mbarouk Faki, umetia saini.
Ile H umeiweka mahali pake.
Miaka kumi na tisa niko hapa,
wewe ndiye wa kwanza kuliandika bila kukosea.

Benki nikapewa kijana, Callum, shingo nyekundu kwa wembe.
Thibitisha kwamba wewe ni wewe.
Nikatoa pasi, nikatoa bili ya maji,
nikatoa uso.
Akauliza jina la mama kabla ya kuolewa.
Mwanangu, mama aliolewa mara mbili, akaachika mara mbili,
na jina lake halikuhama kwao hata siku moja.
Akauliza tarehe ya kuzaliwa.
Mosi Januari, nikasema, kama ulivyosema wewe,
na hapo, somo, nikacheka hadi mlinzi akageuka:
tarehe hiyo nilipewa na karani wa uhamiaji
nilipomwambia nilizaliwa mwaka wa karafuu nyingi.
Umeiba siku ambayo hata mimi niliazimwa.

Najua ulikonipata.
Pipa la buluu, nje, bahasha nzima nzima,
za benki, za daktari, za halmashauri,
nilizitupa kama maganda ya muhogo
nikidhani karatasi ikishatupwa imekufa.
Au ni yule wa simu, sauti ya asali,
aliyetaka tarakimu tatu za mgongoni mwa kadi,
kwa usalama wako, mama.
Nikamsomea. Nikamshukuru juu yake.

Sasa mkasi wa samaki una kazi ya pili.
Nakata jina kwanza, kisha anwani;
vipande nusu chini ya magamba na majani ya chai,
nusu nakwenda navyo kazini.
Simu ya benki ikilia naikata,
napiga mwenyewe namba iliyo kwenye kadi.
Anayetaka kukopa kwa jina langu atakuta komeo,
na ufunguo ninao mimi.
Kila mwezi nasoma orodha ya madeni yangu
kama wazee wasomavyo tanzia,
kutazama kama nimo.
Jina la mama, nimewapa la mbuzi wetu.
Nywila siiandiki popote, hata hapa,
hata kwa kukudokezea.

Walinifutia. Miezi saba, barua kumi na nne,
na Callum siku hizi ananisalimia kwa jina, bila H.

Ila kuna jambo sikumwambia mtu.
Ile fomu ilikuwa na visanduku: mali irudishwe?
Simu, nikatia alama. Viatu, nikatia alama,
kwa nguvu, kalamu ikatoboa karatasi.
Nilipofika kwenye kitanda mkono ukasimama.
Mimi sikujaaliwa. Chumba changu cha nyuma
kina baiskeli mbovu na masanduku.
Na huko Swansea, juu ya ile droo,
kuna mtu amelala kwa jina langu.
Callum akakohoa. Foleni ilikuwa ndefu.
Nikapaacha wazi.