Mgongo wa Picha

Wanunuzi huanza na uso. Mimi huanza na mgongo.
Nailaza kifudifudi juu ya kitambaa cheusi,
natafuta penseli, muhuri, kutu ya pini,
namba iliyofutwa ikaandikwa upya.
Uso wa picha hujua kujipamba;
mgongo haukufundishwa uongo.

Leopoldina Fragoso aliileta kwenye mfuko wa mkate,
katikati ya kadibodi mbili,
mvua ya Porto ikimsindikiza hadi mlangoni.
"Ya baba," akasema. "Mwaka hamsini na moja."

Naijua.
Mtu anavuka daraja amebeba kioo cha kabati,
kioo kikubwa kumshinda,
na pale ulipostahili kuwa mgongo wake
pana mawingu, na ndege mmoja,
na chini ya anga hiyo miguu miwili inatembea.

Nakala ya mwaka uleule, iliyosafishwa na Abílio mwenyewe,
ni elfu kumi na nane za yuro bila ubishi.
Moja anayo daktari wa meno wa Coimbra, haonyeshi mtu.
Nyingine iliungua pamoja na nyumba.
Hii ingekuwa ya tatu.
Moyo ulinienda mbio, sifichi.

Nikazima taa. Nikawasha ile ya zambarau.

Karatasi za kale zikimulikwa hivi hubaki zimelala.
Zilizokuja baadaye zimetiwa dawa ya weupe,
ndugu yake ile iliyomo kwenye sabuni ya unga:
hung'aa kama shati la bwana harusi ndani ya disko.

Iling'aa.

Habari hii nimewapa wengi,
na bado sijaipatia mdomo mzuri.
Nikamwambia: si ya hamsini na moja, senhora,
ni nakala ya baadaye,
tuseme elfu moja, na tushukuru.

Hakulia. Aliniomba niwashe tena.
Akainama, pua karibu iguse mawingu.
"Themanini na tatu," akasema. "Bafuni kwetu.
Macho yake yalikuwa yamekwisha.
Anaitikisa sinia ya dawa, ananiuliza: imekuja?
Namjibu: ndege amekuja, kofia bado.
Imekuja? Bado, baba.
Imekuja?
Mimi ndiye niliyesema: toa."

Kwenye katalogi niliandika:
nakala ya baadaye; kona ya kushoto imekunjika; hali nzuri.
Safu ya aliyesema "toa" hatuna.

Kabla sijaifunga, aliitazama penseli yangu.
Je, akiandika nyuma, bei itashuka?
Leo itashuka, nikasema. Baada ya miaka hamsini itapanda.
"Ili afaidi nani?" Akacheka, akairudisha penseli mezani.

Alhamisi ukumbini tulikuwa watu kumi na mmoja,
na hita imeharibika.
Bidhaa namba mia na kumi na mbili.
Vasco, dalali wetu, alianzia mia sita,
sauti yake ile ya kubembeleza farasi.
Mia saba, simu kutoka Zurich. Mia nane, kibao arobaini.
Mia tisa. Zurich ikakata, au ilikatika.
Elfu moja na hamsini, kijana wa hoteli,
anatafuta kitu cha ukutani, karibu na lifti.
Nyundo.

Yeye nyuma kabisa, koti halijavuliwa,
alikuwa akihesabu kwa vidole.
Fundi wa paa anataka elfu na mia nne,
na bado hatujakata chetu.

Kijana aliniuliza kama jua litaidhuru.
Nikamjibu ya kujibiwa: kioo cha kinga, mbali na dirisha.
Hakuigeuza. Angeigeuza angekuta mgongo mtupu,
alama moja tu ya kidole, iliyokauka na dawa,
ndogo mno kuwa ya mwanamume.
Nami sikuiandika popote.

Jioni nilimwona kwa Norberta, kwenye foleni,
mfuko uleule mkononi,
akichagua mkate uliopikwa zaidi.