Dakika Arobaini

Wifi yangu Kaarina, uliniuliza kwenye simu
nawezaje kumaliza albamu ya mwaka kabla mwaka haujaisha,
na huku ndiye mimi ninayeendesha lori la theluji la manispaa
usiku kucha, kutoka bandarini mpaka mwisho wa Mtaa wa Algoma.

Sikiliza. Nina dakika arobaini tu.
Naingia nyumbani saa kumi na mbili na dakika kumi, vidole vimekufa ganzi;
Eero huamka saa moja kasoro dakika kumi, hakosei.
Katikati hapo ndipo penye albamu.

Kwanza futa. Usiwe na huruma.
Picha tisa za keki moja, nane ni za mkono uliotikisika.
Mimi huzifuta mle mle ndani ya lori, injini ikipata moto,
kidole kimoja nje ya glavu.
Inayobaki naipa nyota. Isiyo na nyota haivuki kizingiti changu.

Halafu acha kuzurura.
Najua una maua elfu sita ndani ya kompyuta hiyo,
na vifungo, na tepe, na vipepeo,
vyote ulivyovinunua usiku wa manane kwa sababu bei ilishuka.
Chagua karatasi tatu. Zitie kwenye folda moja, iite Januari, ufunge mlango.
Rangi usiifuate mbali: bofya koti la mtoto,
njano ile ile iwe utepe, iwe herufi, iwe ukingo.
Mchagua jembe si mkulima,
na mchagua vipepeo hana albamu.

Na vivuli! Wewe hutengeneza kivuli cha kila picha upya,
kama mtu anayechemshia wageni maji kikombe kwa kikombe.
Tengeneza kimoja, jua likitokea juu kushoto,
kihifadhi, kisha kimwage kwenye picha zote kwa mpigo.

Sasa siri, na mama yako usimwambie:
kiolezo ni kimoja.
Kimoja tu, wifi, mwaka wa tatu huu.
Visanduku vitano, mahali pa maneno, kona tupu.
Februari nakilaza ubavu, Machi nakipindua kichwa chini,
Aprili nakigeuza kama kwenye kioo,
na kila Krismasi mama yako hukifungua kitabu akishangaa,
"Aila, unavitoa wapi vipya kila mwezi?"

Lakini Eero alijua.
Jumanne moja aliamka mapema, akaja na soksi moja,
akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa meza,
akasema, huu ni ule ukurasa wa ziwani, umelala tu.
Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akihesabu.
Baba yumo. Bibi yumo. Mbwa yumo mara mbili.
"Wewe uko wapi?"

Nikamwambia mpiga picha haonekani.
Nikamwambia usiku hakuna mwanga wa kutosha.
Akachukua kipanya.

Dakika ishirini na sita, Kaarina, nilizihesabu,
kwenye ile ile kona tupu ninayoiringia:
akachora lori la rangi ya chungwa, magurudumu hayalingani,
koleo la mbele refu kuliko lori lenyewe,
na dirishani kitone cheusi. Hicho ndicho mimi.

Nilitaka kulimwagia kivuli changu,
lisimame vizuri pamoja na wenzake.
Nikabofya. Likageuka kibandiko cha dukani.
Nikatendua.

Kwa hiyo ukiona Februari ina ukurasa mmoja
na picha mbili hazina maelezo, ndiyo sababu.
Kiolezo nimekutumia. Ile kona ya chini kulia
usiijaze mapema.
Na uhifadhi kila dakika tano; juzi umeme ulikatika huku,
nikapoteza Januari nzima.