Kidole cha Mwisho

Saa kumi alfajiri, miguu haipo.
Ipo, naiona chini ya blanketi,
ila nikiiita haiitiki,
kama mdeni aliyesikia jina lake mlangoni.

Jana tulikuwa matangani Butere.
Nilikula ugali, nikaongezwa, nikakaa kitako,
na daktari wa Kisumu alishanionya:
shibe kubwa, kisha kupumzika,
hapo ndipo hunivizia.

Okwara haulizi. Anawasha tochi ya simu,
anapima unga mweupe, maji nusu kikombe, anakoroga.
Ananiinua shingo, nanywa.
Ladha ya sarafu iliyolambwa.
"Polepole, tumbo lisije likakasirika."
Kisha ananiwekea vidole kwenye mshipa:
moja, mbili, tatu,
ya nne haipo,
moja, mbili.
Tunaingoja sote wawili ile iliyorukwa.

Huku kwetu ushauri haununuliwi.
Kula ndizi, mama. Nimekula mkungu.
Nenda ukaombewe. Nimeombewa
hadi shati la mchungaji likalowa.
Baba yangu Shiundu walimwita mvivu:
asubuhi anakata miwa, jioni gunia,
anabebwa kwa toroli.
Wakasema karogwa na shemeji yake,
na shemeji akahama, na mlango wake ukaota nyasi.
Hakuna aliyeutazama mkono wa baba,
kidole cha mwisho kilichopinda kwa ndani
kama hiki changu.

Kukhu alikuwa akichoma maganda ya maharagwe,
akiyachuja majivu, tone, tone,
munyu wa musherekha wa kulainishia mrenda.
Nilipomsimulia daktari alicheka, kisha akaacha.
"Potasiamu imo humo, kweli.
Ila usijipimie jikoni.
Ikipungua, miguu hulala.
Ikizidi, moyo ndio hulala."
Basi naishi hapo katikati,
mahali upana wake ni kijiko.

Saa kumi na mbili dole gumba la mguu linacheza.
Ng'ombe wa jirani analilia kukamuliwa.
Amukowa anaingia, miaka sita, shati la shule wazi,
nimfunge vifungo.
Subiri kidogo, vidole vya mama viko njiani.
Anasubiri. Analaza mkono wake juu ya wangu,
anavilinganisha kimoja kimoja,
na akifika cha mwisho
anafurahi.
"Mama, vinafanana."