Bei ya Herufi

Fundi wa mawe alitoza dola nne kila herufi,
nafasi katikati ya maneno bure.
Kamati ya Skarsdal, watu watano na birika la kahawa,
tukahesabu kwa vidole.

Ottilie Brandvold: kumi na sita.
Hizo tayari sitini na nne,
na pai za tufaha zilituingizia mia moja na saba tu.
Miaka yake tukaiacha.
Mwenyewe hakuwahi kuitaja.

Usiku ule wa Aprili, mto ulipopasua barafu,
alikuwa kwenye ubao wa simu, juu ya duka la mbegu,
akichomeka waya, akichomoa,
nyumba themanini na moja:
“Vaa viatu. Panda kilimani.”
Maji yalikuwa ngazi ya tatu.

“Alituamsha,” akapendekeza mchungaji.
Herufi kumi. Zinatosha, na chenji inabaki.

Hulda Tveit akaweka kikombe chini.
“Mimba yangu aliijua kabla ya mama.
Kila usiku sikio lake lilikuwa kwenye waya zetu.”
Tukacheka, kisha tukanyamaza.
Maana ndivyo alivyojua
nani hulala chumba cha nyuma,
nani sikio la kulia limekufa,
simu iachwe ilie, ilie tu.

Hulda akachukua penseli: Alitusikia.
Akahesabu. Kumi vilevile.

Jiwe liko mbele ya posta.
Wageni husimama, wanauliza: alisikia nini?

“Mengi,” hujibu Hulda,
akilifuta theluji kwa glavu.