Mgeni Hajashika Jembe

Leo siku ya tatu, na mgeni hajashika jembe.
Nilimjengea mashine ndani ya mashine,
nikamkatia kumbukumbu, nikampa diski,
ili programu ya zamani ya mizani
iendelee kuwapima sangara wa Mwaloni.
Anakula umeme tu. Anaganda palepale:
"Jina hili lipo tayari."

Lipi? Ng'washi kapiga simu mara nne,
samaki wako kwenye barafu, malori yanasubiri karatasi.

Saa tisa usiku, Mabatini. Mwamba nyuma ya dirisha
bado una joto la mchana.
Nasoma majina ya mafaili kwa kidole:
Sangara. sangara.
Herufi moja imesimama, nyingine imechuchumaa.

Linux ni mwenyeji mwenye jicho la mama wa mapacha:
huyu Kulwa, huyu Doto, kila mtu na bakuli lake.
Mgeni wangu anaona sura moja.
Anaita mmoja, wanaitika wawili,
anabaki mlangoni, kashikwa na haya.

Sikufuta kitu. Doto nilimpa jina la pili,
sangara_juni,
nikabonyeza, nikangoja.

Kilo arobaini na mbili. Kilo hamsini na nusu.

Korongo walikuwa wanaamka juu ya mabati.
Nikamwandikia Ng'washi: kashika.